Barua kwa mwanangu anayekwenda Maskati

Mwanangu Salimu,

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una sindano mbili na umefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu hapa hospitali mpaka saa nane mchana. Wewe unaondoka Alhamisi, na nyumbani kila nikitaja presha unaanza kutafuta chaja ya simu. Barua haina chaja.

Kumbe walipokupima kwa ajili ya viza walikuta 158 juu ya 100. Sikuyasikia kwako. Mama yako kayasikia kwa dada yako, mimi nimeyapata ya tatu. Daktari alikwambia urudi baada ya wiki. Umerudi? Umepima tena?

Utasema huumwi. Presha haiumi, Salimu. Mimi pia nilipewa vidonge, vikaisha, nikajiona mzima nabeba magunia ya watu. Hayo tuyaache.

Siku za mwanzo hapa nilimuuliza sista mmoja, kwani hii figo inachuja nini hasa? Akaniuliza kama nyumbani tuna kifumbu. Akasema basi unaijua kazi yake: nazi iliyokunwa inatiwa maji, inakamuliwa, tui linashuka, chicha inabaki. Kila figo ina vifumbu kama milioni moja, visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja ni kishada cha vishipa vyembamba vilivyojikunja ndani ya kikombe kidogo, na anayekamua ni moyo. Mshipa unaoingiza damu kwenye kishada ni mpana kuliko ule unaoitoa, kwa hiyo damu inabanwa mle ndani, na maji yanasukumwa kupita kwenye utando pamoja na chumvi, sukari na taka za mwili. Chembe za damu na protini hazipiti, ndizo chicha. Aliniambia pia kuwa utando wenyewe una matabaka matatu, na kwamba una umeme hasi unaozirudisha nyuma protini kwa kuwa nazo ni hasi. Hapo aliniacha njiani.

Kilichonishangaza ni kwamba figo zinachuja lita 180 kwa siku. Nilimwambia umekosea, mtu mzima ana damu lita 5 tu. Akacheka, akasema ni ileile inayopita tena na tena, na karibu yote iliyochujwa inanyonywa na mirija ya mbele na kurudishwa mwilini. Ya kukojoa hubaki kama lita moja na nusu. Kwa hapo kifumbu kimeshindwa, maana mama yako hajawahi kulirudisha tui ndani ya nazi.

Sasa kifumbu kikikamuliwa kwa nguvu kupita kiasi, miaka na miaka, ukili unaachia na chicha inapenya. Presha inaufanyia utando vivyo hivyo. Protini inapita, mkojo unatoa povu lisilokatika kama umemwaga sabuni ya unga. Mimi nililiona povu hilo karibu mwaka mzima, nikawa namgombeza mama yako kwamba anamimina sabuni nyingi chooni. Yeye hanikumbushi, lakini najua anakumbuka.

Ila jambo linaloninyima usingizi ni vile vidonge vya maumivu. Kufunga nondo kunaua mgongo, na wewe ukiumwa hukimbilia diklofenaki. Umeyatoa wapi mazoea hayo sina haja ya kuuliza. Aliyekuwa akitumwa dukani kuvileta, viwili asubuhi viwili usiku, ni wewe. Sikiliza vizuri. Mtu akitokwa na jasho jingi maji ya damu yanapungua, na mwili hutoa kemikali za kuuacha wazi ule mlango wa kuingilia kwenye kishada, ili kazi ya kukamua isisimame. Diklofenaki na ibuprofeni zinazizuia kemikali hizo. Mlango unabana, nguvu ya kusukuma inashuka, uchujaji unadorora, na wewe huhisi chochote kwa sababu mgongo umepoa. Ukiwa kwenye jua la Maskati, una kiu, na presha yako ni hiyo, usivimeze. Usivimeze hata akikupa mwenzako wa chumbani. Nenda kwa daktari, umwambie una presha, akupe kinachokufaa. Na umeze dawa ya presha hata siku unayojiona simba.

Kule kuanzia Juni mpaka Agosti wanakataza kazi za juani saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Msimamizi akikuomba uendelee kidogo tu, kaa kivulini. Unywe maji. Najua wewe ni mchapakazi. Fundi wako alinisimamisha sokoni akasema kijana wangu anasoma ramani kuliko waliosomea. Nilijifanya nina haraka, lakini nilirudi nyumbani nimenyooka.

Hii mashine nayo ina utando wake, maelfu ya mirija myembamba kama unywele. Damu inapita ndani, maji yenye dawa yanapita nje kwa kuelekea upande wa pili, na taka zinahama kutoka zilikojaa kwenda zisikokuwepo. Maji yaliyozidi yanavutwa kwa tofauti ya presha. Leo wananitoa kilo mbili na nusu. Figo zako zinafanya hivyo kila dakika bila malipo. Mimi nafanyiwa kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki, na dafu siruhusiwi kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zangu haziwezi tena kuyatoa. Mtu wa Tanga anakatazwa dafu! Juzi walipoangua minazi ya Pongwe nilikaa ndani mpaka wakamaliza.

Kuhusu Pongwe, yule jirani amesogeza tena mpaka. Nitamngoja mjomba wako, wewe usimpigie simu ya ugomvi ukiwa mbali. Bati la jikoni linavuja palepale. Pesa ya kwanza usitume kwangu, mlipe kwanza shangazi yako nauli aliyokukopesha, maana ndiye utakayefikia kwake na sitaki ule chakula chake ukiwa umeinamisha kichwa. Mbuzi tumeuza mmoja, yule mweusi. Usimwulize mama yako ni kwa ajili gani.

Sista anakuja kuchomoa sindano. Kipima presha changu nimekitia kwenye begi lako, chini ya kanzu, kwa hiyo usipekue ukadhani umebebeshwa mzigo wa watu. Kinatumia betri nne ndogo. Moja imechoka, nunua nyingine kabla ya Alhamisi, na upime mbele yangu.

Ni mimi babako.