Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Tuwasomeshe Watoto Mwaka Mzima wa Akina Mama

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Historia, na ninakuandikia kuhusu akina mama waliopiga kambi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, tarehe 28 Februari 1992, wakagoma kula na kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, ilhali waliofungwa kwa kuupinga mfumo huo walikuwa bado wakisota gerezani.

Wanafunzi wangu wanaijua siku moja tu, tarehe 3 Machi, polisi walipowavamia akina mama hao kwa rungu na vitoa machozi, Profesa Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa pamoja nao, akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari walio rika la wana wao. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Ninapowaeleza kwamba kwa mila za jamii zetu nyingi, mama akimvulia mwana nguo amemlaani, na kwamba akina mama wale hawakuwa na silaha nyingine, kicheko hukoma.

Hata hivyo, ushujaa unaonigusa zaidi ni wa miezi iliyofuata. Walipofukuzwa bustanini walipokewa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo jirani, na wanawake hao, wengi wao wazee waliotoka mashambani, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa miongoni mwa wafungwa hao, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mbali na nyumba zao. Hawakuondoka hadi mapema mwaka wa 1993, wafungwa karibu wote walipokuwa wameachiliwa. Mtoto anayeijua siku ya rungu pekee atadhani haki hupatikana kwa siku moja ya hasira.

Mheshimiwa, zaidi ya miaka thelathini imepita, na mama aliyekuwa na umri wa miaka sitini wakati ule sasa amepita tisini. Ninaomba wizara yako itume watu wawarekodi walio hai, kila mmoja kwa lugha anayoiongea nyumbani kwake, na simulizi hizo zitufikie madarasani mapema, wenyewe wakiwa bado wanaweza kuulizwa maswali na watoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Nairobi