Mkoba wangu wa kijani

Habari za jioni, wapendwa. Mkoba wangu wa safari haujaonekana tangu tuteremke mlimani Jumamosi. Nadhani niliuacha pale tulipopumzika mara ya pili, penye mti ulioanguka. Mkanda wa kushoto nimeushona kwa uzi wa kuvulia samaki, na mgongoni una doa jeupe la chumvi, jasho la miaka 11. Umenibebea hema na maji, na usiku wa baridi ukawa mto wangu. Naumia kweli. Atakayeuona anijulishe, hata usiku wa manane.

Wenye viatu vya zamani, kagueni soli kabla ya safari ijayo. Za poliuretani, aina ya plastiki, huharibiwa na unyevu hata zikikaa kabatini, halafu hubanduka njiani.