Kwa mpwa wangu wa Wete: mifano mitano haitoshi

Asalaam aleikum mwanangu,

Juzi kwenye simu ulilalamika: kanuni ikishakubali mara tano, mwalimu anadai uthibitisho wa nini tena? Jibu langu ni namba moja: 4,294,967,297.

Namba tasa unazijua: haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Miche 17 ya mikarafuu huwezi kuipanga safu zilizo sawa, ila yote safu moja au kila mche safu yake. Sasa anza na 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4, nayo 4 kwa yenyewe 16, kisha 256, kisha 65,536. Kila moja iongeze 1: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17 aliyekuwa fundi wa namba, aliamini kwamba zote zinazofuata ni tasa vilevile. Uthibitisho hakuwa nao.

Ya sita ndiyo hiyo niliyokutajia: 65,536 kwa yenyewe, yaani 2³², ukiongeza 1. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonesha kuwa inagawika kwa 641.

Aliijuaje? Hapa ndipo ninapotaka utulie. Kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Sababu yake Euler aliieleza baadaye, na wewe utaifikia skuli ukiendelea. Namba tasa kuanzia 2 hadi 641 ziko 116, lakini zenye sifa hiyo ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Kazi ya siku nzima imekuwa kazi ya ukurasa mmoja wa daftari!

Na 641 yenyewe, mwanangu, tazama ilivyoumbwa. Ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Tena ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Basi chukua 640 kwa kipeo cha nne: ukiigawa kwa 641 hubaki 1. Lakini hiyo hiyo ni 625 × 2²⁸. Mahali pa 625 weka 641 − 16, utapata 641 × 2²⁸ toa 2³². Ondoa na ile 1 iliyobaki, utapata 641 × 2²⁸ toa (2³² + 1), na hiyo yote inagawika kwa 641, kama inavyogawika 641 × 2²⁸. Kwa hiyo 2³² + 1 nayo inagawika, na hukugawa hata mara moja. Mimi kila nikiupitia uthibitisho huu nafurahi upya.

Usiniamini mimi, lakini. Kaa na kalamu, gawa kwa mkono. Utapata 6,700,417 bila baki. Nipigie picha daftari unitumie.

Baada ya 65,537 hadi leo haijapatikana tasa nyingine ya aina hiyo. Ya saba ni 18,446,744,073,709,551,617, na kigawo chake cha kwanza ni 274,177. Hiyo tutaigawa pamoja nikija Pemba Idi, inshallah.

Mjomba wako, Unguja