Mikarafuu Sikodishi Mwaka Huu

Mwanangu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sie huku Pemba wazima, twamshukuru Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halina habari kwamba huu ni msimu. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mpwao alinishikia simu chini ya mfenesi, maana ndani mtandao haukamati. Nimeona nikujibu kwa kalamu. Kwenye simu hunikatiza, na mie nikikatizwa husahau nilipofika. Karatasi hii ataipiga picha akutumie, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Umesema nikodishe mikarafuu, nifunge nyumba, nije Dar nikae nawe. Hilo la Dar tutalifikia. Lililonichoma ni lile la mwisho, ulilolisema huku unacheka, kwamba mikarafuu hii tangu hapo haijatupa kitu.

Kwanza kukodisha. Anayekodi huja mapema, vikonyo bado vya kijani, akazunguka shamba na mikono mgongoni, akakadiria kwa jicho, akakuhesabia pesa palepale. Jicho lake halikosei. Linalokosea ni la mwenye shida. Kisha huleta wachumaji wake, na wale hawana haja na mwakani. Wanataka pishi zao leo. Mkarafuu si mwembe, mwanangu. Tawi lake jepesi kuvunjika, ndiyo maana babako alikuwa mkali kwa yeyote aliyelivuta kwa nguvu badala ya kulitia upembo, ile fimbo ya ncha ya kulabu, taratibu na kulifunga kamba. Mwaka ule nilipougua tukakodisha, mti wa karibu na choo ulivunjwa kilele, na hadi leo unazaa upande mmoja kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa.

Na mwaka huu ni mwaka wa vuno. Wajua kwamba mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka; ikizaa sana, hupumzika. Sasa hivi ukitoka Chake kuja Wete kwa njia ya kale, ile ya kona na vilima, hakuna baraza isiyo na jamvi. Usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinakuwa rangi ya chai. Zamani tulichambulia kandili. Sasa tuna taa. Waya ule wa chini ya bahari uliotoka Tanga mwaka 2010 umetusaidia hata kwa hili, ingawa shangazi yako anasema taa imeua hadithi, maana watu wakionana nyuso hawathubutu kusengenya.

Sasa nije kwenye hilo la kutopata kitu.

Ulipomaliza skuli bei ilikuwa imeanguka hata watu wakaziacha karafuu mtini zikawa mpeta, matunda yaliyopevuka yasiyofaa tena kuuzwa. Waindonesia, waliokuwa wakinunua karafuu zetu kutia kwenye sigara zao, walikwishaotesha za kwao zikawatosha. Mnunuzi hapa alikuwa mmoja tu, serikali, na alicholipa hakikutosha kumlipa mchumaji. Ng'ambo ya mkondo, Kenya, bei ilikuwa nyingine. Hukuwahi kujiuliza nauli yako ya meli ilitoka wapi? Na godoro? Na mtaji wa ile meza ya soksi uliyoanzia Kariakoo? Babako, Mungu amrehemu, alibeba magunia mawili usiku, yeye na mtu mwingine ambaye bado yu hai kwa hiyo simtaji, wakayafikisha mikokoni, yakavushwa hadi Shimoni, upande wa Kenya. Aliporudi alikuwa na matope hadi kifuani, na kwa wiki nzima kila gari iliyopita alinyanyuka kitandani. Alinikataza nikwambie. Alisema mtoto akijua mtaji wake ni wa magendo hatakuwa na baraka nao. Mie sisifu magendo, na zilipokuja siku za shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, yeye mwenyewe alikuwa wa mbele kwenye foleni ya kituo cha serikali, na kofia yake mpya. Lakini usiniambie mikarafuu haikukupa kitu.

Umelipenyeza pia neno la kuuza. Eka tatu haziuzwi. Babu yako alipewa baada ya Mapinduzi, wakati wa Mzee Karume, shamba la mtu mmoja likakatwa vipande vya eka tatu tatu. Utumie, na watoto wako watumie, lakini kuuza, la. Wapo wanaouziana kwa karatasi za kuandikishana usiku, nawajua, na wewe unawajua. Sisi si wao.

Nikwambie jambo ambalo kwenye simu halisemeki. Kabla ya korona alikuja mgeni kutoka Maskati, mtu mzima, kanzu na kofia ya Kiomani, Kiswahili chake safi kuliko chako ulichokipata Kariakoo. Akasema shamba hili lilikuwa la babu yake. Moyo ulinienda mbio. Nikadhani ana karatasi mfukoni. Nikamtuma mtoto akamwite sheha. Kumbe yule bwana hakutaka shamba. Alitaka kuonyeshwa kisima. Tukaenda. Akauliza, "Ndoo bado hugonga jiwe upande wa kulia?" Bibi yake alimhadithia hivyo, tena na tena, huko Maskati. Nikamwambia ateremshe mwenyewe. Akateremsha, tukasikia *ko*. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanywa maji, akaniomba mpeta mmoja, akautia mfukoni. Mbegu ya mkarafuu haikawii kufa, nilimwambia, tena Maskati hautaota. Akasema anajua. Sheha alifika jasho linamtoka, akakuta tunakunywa chai.

Sijui kwa nini namkumbuka sana mwaka huu. Labda kwa sababu miti aliyoiacha babu yake inaanza kuondoka. Wazee wakisema kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, ndipo huku kukawa shamba la karafuu la dunia. Lakini kwa maradhi haikupona. Mti wa kisimani ulikuwa wa kijani mwezi wa Ramadhani, na Idi ya pili haijafika majani yote yamegeuka kahawia, umesimama umekufa. Miche nilichukua kumi na miwili, ya bure. Imebaki mitano. Mitano imekufa kwa jua la kaskazi, na miwili imeliwa na mbuzi wa jirani, ambaye nimemsemesha na hatusemezani tena. Hiyo iliyobaki nimeijengea vibanda vya makuti, kila mmoja na chake, kama maharusi. Usiniambie miaka sita au saba kungoja ni mingi kwa mtu wa umri wangu. Nimeshaambiwa na dada yako.

Dar nitakuja, baada ya kuvuna mpunga. Mwaka jana tulipochelewa kuwinga, ndege walitufanyia karamu kule bondeni. Nitakaa siku tisa kama mara ile, si zaidi. Kwako kuzuri, mkeo ananitunza, lakini ghorofa ya tatu mtu hawezi hata kumwaga maji ya kuoshea mchele bila kuuliza.

Wewe ndiye wa kuja sasa. Funga duka wiki mbili, au mwachie yule kijana. Nina wachumaji wanne na mmoja ameteguka mkono, alhamdulillahi hakuanguka kutoka juu. Ukifika Mkoani usipande gari ya kwanza inayokuita. Wanajaza hadi juu ya keria. Na mawingu yako Kojani tangu asubuhi, kwa hiyo uje na turubai mbili, zile nzito za bluu. Si kama zile ulizoleta mwaka juzi. Zile kuku amezitoboa kwa mdomo.

Mamako