Kaka, kuhusu viatu vya Baba

Shikamoo Kaka.

Umemwambia Mama nimekununia tangu harusi yako. Ni kweli. Na kwa kuwa simu zangu hupokei, utasoma hapa.

Picha zimetoka nzuri, hongera, na wifi alipendeza. Ila ile uliyosimama na Baba siwezi kuitazama, maana najua yaliyotangulia chumbani. Viatu nilivyomletea, vya kutumbukiza mguu tu, ulivisukumia uvunguni ukisema tunamvalisha mzee kama mtoto wa chekechea. Ukaleta vya kamba, na shati lenye vifungo hadi mikononi. Ukaingiza mkono mzima kwanza, kisha ukauvuta ule uliopooza kuutafutia njia. Baba hakupiga kelele. Alinitazama mimi.

Mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia, Kaka, na ndio wa mwisho kutoka. Ungeuliza ningekuambia, ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi tangu apatwe na kiharusi. (Sisemi kwa ubaya. Hela ulizotuma zilifika.)

Aibu iko wapi? Kijana wa Marekani mwenye mtindio wa ubongo, Matthew Walzer, aliwaandikia Nike mwaka 2012: ana miaka 16, anavaa nguo zote mwenyewe, lakini viatu bado anafungwa na wazazi, na anataka kwenda chuo bila kumngoja mtu wa kumfunga kamba. Mwaka 2015 wakatoa kiatu chenye zipu inayozunguka kisigino, cha kufungwa kwa mkono mmoja. Baba naye anataka hivyo hivyo, atoke nje bila kuniita.

Wala sikumletea ndala. Kiatu kinachoburuta ndicho kinachomwangusha mwenye mguu mzito. Vile nilivyochagua, kisigino kinabonyea mguu ukipita, kisha kinajirudi na kumshika. Mnasema mimi mkali. Nani mwingine angekumbuka kukagua kisigino?

Umeahidi kumtumia nguo, Mungu akubariki. Suruali ziwe za mpira kiunoni. Yale mashati ya kujifunga kwa sumaku usinunue, hata yakikuvutia vipi: Baba ana kile kifaa cha mapigo ya moyo kifuani, na sumaku inaweza kukivuruga. Fulana pana zinatosha.

Na Mama usimwonyeshe hii.