Watoto wachonge mawe, lakini si kama mlivyoonyesha

Mhariri,

Habari yenu kuhusu watoto wanaofundishwa kuchonga mawe imenifanya nishike kalamu baada ya miaka mingi ya kusoma na kunyamaza. Ile picha kubwa ndiyo iliyonichoma: mtoto kapakata jiwe mapajani, anagonga patasi kwa nyundo, hana miwani, uso umejaa vumbi jeupe. Na maelezo chini yake yanalisifu vumbi hilo!

Watoto kuchonga mawe ni jambo jema, na hapo sibishani nanyi. Udongo wa kufinyanga ukikosea unauongeza, penseli unaifuta. Kipande cha jiwe kikishatoka hakirudi, kwa hiyo mtoto hujifunza kulitazama jiwe kabla mkono haujaanza kazi. Lakini mwandishi wenu anasema jiwe lolote laini linafaa, na kauli hiyo ni ya hatari. Mawe ya mchanga yapo yanayomomonyoka hata kwa kidole, lakini chembe zake nyingi ni silika, na vumbi la silika likivutwa muda mrefu huacha makovu kwenye mapafu ambayo hayaponi. Jiwe la sabuni ni laini kwa sababu ya talki, yenye ugumu wa 1 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, lakini baadhi ya machimbo yake huwa na asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, na nyuzi hizo huwezi kuziona kwa macho. Anayenunua kwa ajili ya watoto adai matokeo ya vipimo vya machimbo hayo. Asipopewa, aliache, achukue alabasta, ambayo ni jasi yenye ugumu wa 2 na bado hukwaruzika kwa ukucha. Hata hilo lichongwe likiwa limelowa. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini, na ile ya kuchuja iliyotengenezwa kwa uso wa mtu mzima huacha mianya kwenye mashavu ya mtoto, hewa ikapita pembeni. Kinga ya kwanza ni maji: ndoo kando ya meza, tupa ichovywe kila mara, meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu usiingie kabisa. Tope la ndoo liachwe litulie usiku kucha, maji yamwagwe, mashapo yatupwe na takataka; yakimwagwa kwenye sinki huganda na kuziba bomba.

Nyundo ingoje. Mtoto wa miaka saba au minane anatosheka kabisa na tupa ya meno makubwa, tupa laini na msasa. Jiwe la sentimita 10 kwa 10 kwa 5 lina uzito wa kilo moja na zaidi kidogo, analimudu. Lilazwe juu ya mfuko wa turubai uliojazwa mchanga hadi theluthi mbili, mezani, usawa wa kiuno chake. Mfuko hulikumbatia jiwe na vidole hubaki mbali na tupa. Tupa hukata inaposukumwa mbele. Kuiburuza kurudi nyuma ni kuyaua meno yake bure. Na miwani ya kinga ivaliwe tangu mwanzo, kwa sababu kipande huruka hata kwenye tupa.

Katika darasa moja nililoalikwa kutazama, mtoto alipewa achonge twiga. Shingo ilikatika kabla hata masikio hayajaanza, naye akaambiwa hana mkono mwepesi. Kosa lilikuwa la aliyechagua umbo! Jiwe hustahimili kukandamizwa, halistahimili kupindwa, na kila msukumo wa tupa kwenye shingo nyembamba huipinda. Wapeni ndege aliyelala, kobe, samaki mnene. Kwanza lowesha jiwe ulitazame linapokauka, kwa maana ufa hubaki na mstari wa unyevu baada ya sehemu nyingine kukauka. Mtoto achore umbo pande zote, si mbele tu, kisha aondoe pembe kubwa kabla ya kugusa jicho au bawa. Kwenye msasa wa maji aende namba 120, 220, 400, 600 bila kuruka, namba ikipanda msasa huwa laini zaidi. Mikwaruzo hujificha jiwe likiwa limelowa, kwa hiyo likauke kila hatua likaguliwe, ndipo nta ipakwe.

Hapo hapo niseme kuhusu mashindano ya watoto mnayoyatangaza. Kazi zinazoshinda zina mikato ya grainda iliyonyooka, na kila anayechonga anajua hiyo si kazi ya mtoto wa miaka tisa. Mzazi kaikamilisha usiku. Mtoto aliyesugua samaki wake kwa mkono wiki tatu anarudi nyumbani akiamini hajui.

Ninaloomba ni hili. Ukurasa uleule, ukubwa uleule, chapisheni picha ya mtoto mwenye miwani, jiwe lililolowa juu ya mfuko wa mchanga, ndoo ikionekana. Chini yake andikeni jina la jiwe na namba za msasa. Na mashindano yajayo, majaji wapokee jiwe pamoja na michoro yake ya pande zote na tupa iliyotumika, kisha wamwombe mtoto asugue mbele yao kwa dakika tano.

Mchongaji mawe, msomaji wenu