Franco Baresi na kijana wako wa Dandora

Nairobi

Mpendwa Wafula,

Salamu nyingi. Umesema unataka kumtoa yule kijana wako wa Dandora kwenye nafasi ya beki wa kati kwa kuwa ni mfupi. Tafadhali usimhamishe pembeni kwa sababu ya kimo. Franco Baresi, beki wa Italia, alikuwa na mita 1.76 tu, na klabu ya Inter walimkataa akiwa kijana mdogo. Alicheza beki wa kati AC Milan kuanzia 1978 hadi 1997, mechi 719, na jezi yake nambari 6 ikastaafishwa naye. Timu iliposhuka daraja mara mbili, 1980 na 1982, hakuhama.

Nguvu yake ilikuwa kusoma mchezo mapema. Chini ya kocha Arrigo Sacchi, kuanzia 1987, timu nzima ilibanana ndani ya mita 25 hadi 30 kutoka beki hadi mshambulizi, na Baresi ndiye aliyeongoza mstari wa mabeki. Mstari ukipanda pamoja, washambulizi wanaachwa wameotea, yaani wako karibu na goli kuliko mabeki pasi inapopigwa. Mfundishe kijana hivi: mpinzani akirudisha mpira nyuma, pandeni. Akiupokea huku ameligeuzia goli lenu mgongo, pandeni pia. Akiinua kichwa na hakuna anayembana, rudini mbio, maana pasi ndefu iko njiani. Amri itolewe kabla ya kupanda. Kinachoharibu mara nyingi ni beki wa pembeni aliyechelewa hatua mbili. Huyo mmoja anafanya washambulizi wote wasihesabiwe wameotea.

Lakini usiige kila kitu. Hadi 1990 mshambulizi aliyelingana na beki alihesabiwa ameotea. Sasa yuko sawa, kwa hivyo nafasi ya kukosea imepungua. Na kama mechi haina washika vibendera, refa wa katikati hawezi kuuona mstari vizuri. Hapo mtego huu wa kuotea ni kamari. Afadhali kijana abaki mita tano nyuma ya wenzake, afagie mipira inayowapita.

Kombe la Dunia la 1994 Baresi aliumia goti dhidi ya Norway, akapasuliwa, na wiki tatu na ushee baadaye akacheza fainali dhidi ya Brazil: dakika 120 kwenye joto la Pasadena, bila bao. Kisha akapaisha penalti, na watu wengi hukumbuka hiyo tu. Inaniuma, kwa sababu hiyo ndiyo mechi ya kumwonyesha kijana. Aangalie Baresi anasimama wapi kabla Romário, mshambulizi wa Brazil, hajapewa mpira. Mpira wenyewe auache kwanza.

Wasalimie vijana wote.

Rafiki yako,
Mutua